Engawa: Mahali pa Asiye Mgeni wala Mwenyeji

Ukimwomba mwanafunzi wa Kijapani akufasirie neno engawa, atafungua kamusi yake ya Kiingereza na kukujibu kwamba maana yake ni veranda. Jibu hilo si kosa, ila lina kichekesho ndani yake. Wajapani wenyewe wamelikopa neno hilo hilo la veranda, wakalitamka beranda, kisha wakalipachika kwenye kitu kingine kabisa: kile kiroshani cha saruji kilichobandikwa ubavuni mwa fleti za mijini, ambacho kazi yake kubwa ni kuanikia nguo na magodoro. Kwa hivyo Mjapani wa leo anaweza kuwa na beranda maisha yake yote na asiwahi kuketi kwenye engawa hata siku moja. Neno lililotoka Bara Hindi, likapita vinywani mwa Waingereza na kufika Tokyo, limekuja kukaa jirani na lile ambalo kamusi inadai ni ndugu yake, na wawili hao hawafahamiani.

Nimeona vyema kuliandikia jambo hili, ingawa Japani i mbali nasi, kwa sababu walimu na wanafunzi wa lugha wamezoea kuamini kwamba maana ya neno imo kamusini. Imo, lakini kwa kiasi. Sehemu nyingine ya maana imo katika mambo ambayo watu waliyafanya kila siku mahali fulani, kwa namna fulani, na mtu fulani. Engawa ni mfano mzuri wa neno la namna hiyo. Nitajaribu kuonyesha kwamba ukanda ule wa mbao ulikuwa ndio mahali ambapo jamii ya Wajapani ilimwekea mtu asiye mgeni wala mwenyeji; na kwamba mbao zilipoondolewa, mtu huyo alikosa pa kukaa, wala haikuwa hasara ndogo.

Hebu kwanza tuijue nyumba yenyewe. Nyumba ya jadi ya Kijapani ni ya mbao, na sakafu yake imeinuliwa juu ya ardhi kwa nguzo fupi, kiasi cha nusu mita hivi. Vyumba vyake vimetandikwa tatami, yaani mikeka minene ya mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa na kufunikwa kwa msuko wa nyasi laini, kila mmoja ukiwa na urefu wa kama sentimita 180 na upana wa sentimita 90. Pale tatami inapokoma pana shoji, ambazo ni fremu nyepesi za mbao zilizowambwa karatasi nyeupe. Hazina bawaba, bali husukumwa kando zikateleza katika mifuo. Nje ya shoji ndipo ilipo engawa: ukanda wa mbao tupu, aghalabu wenye upana wa sentimita 90 hivi, unaoufuata ubavu wa nyumba upande wa bustani, hasa upande wa kusini. Nje ya engawa huja amado, maana yake milango ya mvua, ambayo hufungwa usiku na wakati wa tufani. Mchana milango hiyo husukumwa yote hadi pembeni na kufichwa katika sanduku liitwalo tobukuro, yaani mfuko wa milango. Kazi hiyo ya kufungua amado kila asubuhi iliwaangukia watoto wa nyumba nyingi. Chini, penye udongo, huwekwa jiwe kubwa bapa la kuvulia viatu. Na juu ya yote hayo umetandazwa upenu mrefu wa paa.

Kuna engawa nyingine iliyoko nje hata ya amado, ambayo mvua ikinyesha kwa upepo hulowa. Hiyo huitwa nure-en, engawa ya kulowa. Napenda sana jina hilo kwa jinsi lisivyojidai.

Upenu ule haukuwekwa kwa urembo. Mji wa Kyoto uko kwenye latitudo ya nyuzi 35 kaskazini hivi. Mwishoni mwa Juni, jua la saa sita mchana husimama karibu utosini, kwenye pembe ya nyuzi 78 kutoka upeo wa macho, na upenu hulizuia lisiguse hata ukingo wa tatami. Mwishoni mwa Desemba jua hilo hilo hupanda nyuzi 32 tu. Hupenya chini ya upenu, likavuka engawa na kuingia chumbani hadi ndani. Paa moja, lisilosogezwa, humpa mwenye nyumba kivuli anapokihitaji na joto anapolihitaji. Mtawa Yoshida Kenko, aliyeandika kitabu chake cha Tsurezuregusa katika nusu ya kwanza ya karne ya 14, alishauri kwamba nyumba ijengwe kwa kufikiria majira ya joto, kwani baridi huvumilika popote. Mwandishi Tanizaki Jun'ichiro naye, katika insha yake ya mwaka 1933 ya kukisifu kivuli, alieleza jinsi mwanga wa bustani unavyopunguzwa nguvu na upenu, engawa na karatasi za shoji kabla ya kumfikia mtu aliyeketi ndani.

Siku za baridi wazee huketi kwenye engawa wakifanya kile kiitwacho hinatabokko. Kamusi za Kiingereza hutumia maneno mengi kulieleza neno hilo. Mfasiri wa Kiswahili hana taabu, kwani sisi tuna kuota jua. Majira ya joto huwa na mambo yake. Hutundikwa kengele ndogo ya kioo upenuni ili upepo ukipita usikike, hukatwa tikitimaji, na pembeni huwekwa chombo cha udongo chenye umbo la nguruwe, kinachotoa moshi kinywani. Ndani ya nguruwe huyo inaungua dawa ya mbu iliyojiviringa kama gamba la konokono, ambayo asili yake ni ua la pareto. Ni Mjapani, Ueyama Eiichiro, aliyeitengeneza mwishoni mwa karne ya 19, na umbo la kujiviringa likaanza kuuzwa mwaka 1902. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, Japani ndiyo iliyoongoza duniani kwa kilimo cha pareto. Vita vilipoivuruga biashara hiyo, wakulima wa Kenya ndio walioshika nafasi yake. Mwanafunzi wa Molo au wa Kisii anayesoma makala haya basi asidhani kwamba engawa haina habari naye: babu yake huenda alipanda maua yaliyokuwa yakifanya kazi moja na yale ya moshi wa huko.

Sasa tuligeukie neno. Engawa imeundwa kwa sehemu mbili. En ilitoka Uchina pamoja na maandishi ya Kichina; kawa, yaani upande, ni neno la Wajapani wenyewe. Zilipoungana, k ya kawa iligeuka g. Badiliko hili ni la kawaida katika Kijapani: kami ni karatasi, lakini sanaa ya kukunja karatasi ni origami. Hata hivyo halitokei kila mahali. Kaze ni upepo, na tunasema kamikaze, si kamigaze, kwa sababu neno kaze tayari limebeba z, ambayo ni konsonanti ghuna, na Kijapani hakipendi ghuna mbili za aina hiyo zibanane ndani ya mofimu moja. Kanuni hii ina jina la Benjamin Smith Lyman, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa miamba wala si mwanaisimu, aliyeiandikia mwaka 1894, ingawa msomi Motoori Norinaga alikuwa ameigusia karne moja kabla yake. Wanafunzi wa isimu ya Kibantu watakumbuka Kanuni ya Dahl, ambayo kwayo Gikuyu husema kiondo kwa k lakini githeri kwa g. Kanuni hizo mbili hazina undugu wa nasaba, ila zote zinatokana na kutopenda kurudia sifa ile ile ya sauti mahali pamoja. Kunradhi kwa fonolojia. Mwalimu wa isimu ni kama mvuvi, hawezi kupita penye maji asitazame.

Jambo kubwa zaidi limo katika en. Herufi inayoandika neno hili ina maana mbili. Ya kwanza ni ukingo, pindo, kando ya kitu. Ya pili ni uhusiano: ile nasibu au majaliwa yanayowakutanisha watu wawili na kuwafunga pamoja. Posa huitwa endan, mazungumzo ya en. Mke na mume wakiachana husemekana wamekata en. Wajapani wana methali isemayo kwamba hata kugusana mikono ya mavazi njiani na mtu usiyemjua ni en iliyoanza katika maisha yaliyotangulia. Nao wakienda kuomba kwenye mahekalu hupenda kutupa sarafu ya yeni tano, maana yeni tano hutamkwa go-en, na goen pia ni jina la heshima la uhusiano huo.

Hapa ndipo waandishi wengi wa majarida wanapoteleza. Wanatuambia kwamba engawa iliitwa hivyo kwa kuwa ni upande wa mahusiano, mahali watu wanapofungamana. Ni maelezo matamu, na ndiyo maana yatiliwe shaka. Neno la Kichina lilianza na pindo la vazi, likapanuka kuwa ukingo wowote. Baadaye wafasiri wa maandiko ya Kibuddha walilitumia kwa masharti yanayokifanya kitu kitokee, yaani kile ambacho kitu kinashikamana nacho ili kiwepo. Maana zote mbili ziliingia Japani. Mafundi seremala waliozipa mbao zile jina la en walichukua ile ya kwanza: ukingo wa nyumba, basi. Hakuna aliyekaa kitako akatunga falsafa ya ujirani. Lakini kwa kuwa watu walizitumia maana zote mbili kila siku, na kwa kuwa ukingoni ndipo walipokutana na majirani, maana ya pili ilijongea yenyewe ikakaa kando ya ya kwanza. Asili ya neno ni jambo moja, na maisha yake ni jambo jingine. Mwanafunzi akizichanganya katika mtihani nitamkata alama, lakini bibi kizee wa Kijapani akizichanganya sina la kumwambia.

Lipo pia fungu la maneno ambalo kila Mjapani analijua: en no shita no chikaramochi, yaani mwenye nguvu aliyeko mvunguni mwa engawa. Huitwa hivyo mtu afanyaye kazi kubwa isiyoonekana, anayeibeba nyumba mabegani ilhali walioketi juu wananywa chai. Sisi Waswahili tunasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mvunguni kwetu ni mahali pa kutafuta kitu. Mjapani ameinama akamwona mtu.

Niliwahi kukaa siku kumi katika kijiji kimoja mkoani Nara, nyumbani kwa mama wa mwenzangu wa chuo. Siku ya kwanza nilipokelewa kwa kupitia genkan, yaani mlango rasmi, nikaambiwa agaru. Kitenzi hicho maana yake ni panda, kwa kuwa kuingia nyumba ya Kijapani ni kupanda kutoka ardhini hadi kwenye sakafu. Nilivua viatu, nikapanda, nikapewa mto wa kukalia, nikapiga magoti kama nilivyofundishwa, na baada ya dakika kumi miguu ikafa ganzi hata sikujua kama ningali nayo. Nilikuwa mgeni na nililipa gharama za kuwa mgeni. Mwenyeji wangu naye alilipa zake, kwani alilazimika kuandaa chai, vitafunio na maneno yote ya adabu. Asubuhi ya siku ya pili alikuja jirani. Hakubisha hodi mlangoni. Alipita bustanini, akaweka figili mbili nyeupe kwenye engawa, akaketi ukingoni miguu yake ikining'inia na viatu vyake vya shambani vikiwa miguuni. Mama mwenye nyumba alitoka jikoni akapiga magoti upande wa ndani, mikono ingali na maji. Walizungumza kwa robo saa hivi kuhusu mvua na goti la mume wa yule jirani. Kisha jirani akaondoka. Hakukaribishwa, na wala hakuagwa kwa maneno mengi.

Baadaye nilitambua kwamba lugha yao ilikuwa imekwisha kulitenga tendo hilo. Mswahili ana kuketi au kukaa, na hutumia kitenzi hicho kwa mkeka, kiti na hata kizingiti. Mjapani ana vitenzi viwili. Suwaru, kwa asili, ni kukaa sakafuni, miguu imekunjwa. Huo ndio ukaaji wa aliyekwisha kuingia. Koshi o kakeru ni kutundika kiuno: kukaa kwenye ukingo wa kitu huku miguu iko chini. Aliyetundika kiuno yuko tayari kuinuka. Kigoda huitwa koshikake, na kwa muda mrefu neno hilo hilo lilitumiwa, tena kwa kejeli, kuiita kazi ambayo mtu anaishika kwa muda tu, hasa ya msichana aliyetarajiwa kuolewa na kuacha ofisi. Basi yule jirani wa figili alikuwa ametundika kiuno. Sehemu yake ya juu ilikuwa nyumbani mwa mwenzake, na miguu yake ilikuwa shambani kwake.

Najua msomaji wa Pwani amekwisha kuuliza: je, hili si baraza? Ni swali la haki. Katika nyumba za mawe za Lamu kuna daka, kile kijukwaa cha mlangoni chenye mabaraza ya mawe pande mbili, ambapo mwenye nyumba humpokea mtu asiyehitaji kuingia ndani. Kazi ya kumhifadhi mtu wa katikati ni ile ile, na hata lugha zimefanana: kwetu kikalio kimezaa mkutano, mkutano ukazaa Baraza la Mawaziri. Tofauti iko kwenye uelekeo. Baraza hutazama njia, na nyuma yake pana ukuta na mlango uliofungwa. Limejengwa, pamoja na mambo mengine, ili mtu wa nje apokewe asione ndani. Kwa desturi ni mahali pa wanaume. Engawa hutazama bustani, nayo haina mlango nyuma yake ila karatasi zilizosukumwa kando. Aketiye pale anaiona sebule yote na kuisikia sufuria ikichemka, na mara nyingi mwenyeji wake ni mwanamke. Nikishurutishwa kufasiri nitaandika kibaraza cha bustani, lakini ningependelea kuliacha neno kama lilivyo. Silabi zake ni wazi kama zetu, hata mtoto wa darasa la kwanza angelisoma bila taabu.

Nisije nikaipamba engawa kupita kiasi, kwani wako waliokwisha kufanya hivyo. Msanifu majengo Kurokawa Kisho (1934–2007) aliieleza kuwa eneo la rangi ya kijivu, lisilo la ndani wala la nje, akaitumia fikra hiyo katika jengo kubwa la benki mjini Fukuoka, lililokamilika mwaka 1975, ambalo sehemu yake kubwa chini ya paa imeachiwa wapita njia. Ni fikra njema. Lakini historia ya engawa haikuanza kwa kumpokea mpita njia. Ilianza kwa kumwonyesha mtu cheo chake. Katika majumba ya wakuu wa zama za Heian (794–1185), mbao za nje ziliitwa sunoko, nazo ziliachiwa nafasi katikati ili maji yapite. Katika riwaya ya Genji Monogatari, iliyoandikwa na Bibi Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11, mwanamume anayemzuru mwanamke wa heshima huweza kuwekwa pale nje, akazungumza na pazia la mianzi. Makabaila wenyewe waligawanywa kwa upandaji: waliokuwa na ruhusa ya kupanda kwenye ukumbi wa mfalme walikuwa na jina lao, na wasiokuwa nayo waliitwa jige, watu wa ardhini. Hata katika mahakama za zama za Edo (1603–1868), mtu wa kawaida aliyeshtakiwa alikalishwa juu ya mkeka uliotandikwa kwenye changarawe, ilhali samurai na mtawa walikaa juu, kwenye engawa. Ukanda ule ule wa mbao uliomwambia jirani keti hapa, usihangaike kuvua viatu, umewahi pia kumwambia mtu hapo ndipo mwisho wako. Wakulima walikuja kuwa nayo kwa wingi baadaye sana, wakaifanyia yao: kuanika figili, kumenya na kutundika matunda ya kaki upenuni yakauke, kushona, kunyonyesha.

Wakulima hao ndio pia walioifanya kuwa njia ya watu wawili wasiotakiwa kupita mlangoni. Katika sehemu nyingi za nchi, maiti ilipotolewa nyumbani ilipitishwa kwenye engawa, si genkan. Na katika baadhi ya sehemu bibi arusi anayeondoka kwa wazazi wake alipitia huko huko. Wote wawili walikuwa wakiondoka na hawakutarajiwa kurudi vile vile walivyokuwa.

Nini basi kiliiondoa? Kwanza kilikuja kioo. Tangu mwisho wa karne ya 19 milango ya kioo ilianza kuwekwa ukingoni, na engawa ikawa ushoroba wa ndani, wenye joto zuri lakini uliofungwa. Kisha ikaja vita, na miji ikateketea. Mwaka 1955 serikali iliunda shirika la makazi lililojenga fleti kwa maelfu na maelfu. Mpango wake ulikuwa vyumba vichache na jiko lenye meza ya kulia, na mlango mmoja wa chuma. Humo mtu ama yuko ndani ama yuko nje. Viwanja vya mijini vilizidi kuwa vidogo, mashine za kupoza hewa zikaufanya upenu uonekane hauna kazi, na familia zikawa hazina mtu wa kushinda nyumbani mchana. Filamu ya Ozu Yasujiro ya mwaka 1953, Tokyo Monogatari, inaanza na wazee wawili mjini Onomichi wakifungasha mizigo. Jirani anapita nje na kuwasemesha kupitia upande wa nyumba uliofunguliwa. Mwishoni mzee amebaki peke yake, na jirani yule yule anapita na kumsemesha tena. Hakuingia mara zote mbili. Katika fleti za Tokyo ambamo watoto wa wazee hao walikuja kuishi, jirani angelazimika kubonyeza kengele, na ili ubonyeze kengele sharti uwe na sababu.

Leo mtoto wa Kijapani anaijua engawa hasa kwa kuitazama katika katuni ya Sazae-san, iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1969 na haijakoma. Akienda mkahawani kula sushi ataagiza engawa bila kusita, lakini huyo ni samaki: misuli ya mapezi ya samaki bapa, ambayo iliitwa hivyo kwa kuwa imejipanga ukingoni kama mbao za engawa. Nimewahi kuwauliza vijana watatu wa huko neno hilo linawakumbusha nini kwanza. Wawili walijibu samaki.

Ningeweza kuishia hapo, na jambo lote likabaki kuwa huzuni ndogo ya mpenda maneno, lau si mambo yaliyotukia Kobe. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi liliua watu zaidi ya 6,400 katika mji huo na jirani zake. Waliopoteza nyumba walihamishiwa katika makazi ya muda. Ili kutenda haki, nafasi ziligawanywa kwa kura, na wazee na wagonjwa wakapewa kipaumbele. Nia ilikuwa njema kabisa. Matokeo yake ni kwamba wazee walikusanywa mbali na majirani zao wa miaka mingi, kila mmoja nyuma ya mlango wake, katika safu za vibanda vilivyopeana migongo. Zaidi ya watu 200 walifariki humo peke yao bila mtu kujua, wengine wakakutwa baada ya siku nyingi. Neno kodokushi, kifo cha upweke, likawa la kila siku magazetini. Sisemi kwamba ukanda wa mbao wa sentimita 90 ungewaokoa. Nasema kwamba hapakuwa na mahali ambapo jirani angeweza kuweka figili na kuona, bila ya kumzuru mtu, kwamba leo amado hazijafunguliwa.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko jingine na tsunami viliipiga pwani ya kaskazini mashariki, na watu zaidi ya 15,000 wakafa. Safari hii msanifu majengo Ito Toyo na wenzake walikwenda kwenye makazi ya muda ya Miyagino mjini Sendai, wakauliza waliohamishiwa huko wangependa wajengewe nini. Wao walikuwa wamezoea kusifiwa kwa majengo yasiyofanana na kitu chochote duniani. Kilichojengwa, kikakamilika Oktoba mwaka huo huo, ni nyumba ndogo ya mbao yenye paa la mgongo kama achoralo mtoto, jiko la kuni ndani, na engawa nje. Iliitwa Minna no Ie, Nyumba ya Wote. Aliyetaka kuingia aliingia. Asiyetaka alitundika kiuno. Mfano wake ukafuatwa katika miji mingine ya pwani hiyo.

Mradi wa ile ya Sendai ulitoka mkoa wa Kumamoto, kusini kabisa mwa nchi, ambao haukuwa na jamaa wala deni huko kaskazini. Aprili 2016, tarehe 14 na tena tarehe 16, Kumamoto yenyewe ilitetemeka na maelfu ya nyumba zake zikaanguka. Makazi ya muda yalipojengwa, Nyumba za Wote zilijengwa pamoja nayo kwa makumi, na seremala wa huko hawakuisahau engawa. Mzee mmoja wa Kijapani niliyemsimulia habari hiyo alitikisa kichwa na kutamka neno moja tu, na sikumwuliza alikuwa akiitumia maana ipi.